Fahari na Fahali

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, nimeitungia maswali ya mtihani, na nimewaadhibu watoto walioshindwa kueleza maana yake. Lakini nikijihoji kwa dhati, sikumbuki hata siku moja nilipoitumia nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Kwa mwalimu mwenye kalamu nyekundu, aliyejikwaa ameanguka. Jibu ni sahihi au ni kosa, vema au mkasi, na katikati hapana kitu.

Katika insha hii nataka kuuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza nikiwa kijana: kitu kilicho karibu na usahihi, lakini hakijaufikia, tukiite nini? Na aliyekitenda tumhukumuje? Ni swali pana, linalowahusu mahakimu, wazazi na viongozi wa dini pia. Mimi nitaliingilia kwa mlango mdogo wa vina vya mashairi, kwa sababu ndiko nilikokosea, na mtu husema vizuri zaidi juu ya kosa analolifahamu.

Mwaka 1981 nilikuwa nikifundisha Kiswahili na Kiingereza katika shule moja ya sekondari kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Asubuhi, wingu likifunguka, Kibo ilionekana kana kwamba imesogezwa usiku hadi nyuma ya bwalo la chakula. Siku hizo wanafunzi walipangwa kutoka mikoa mbalimbali, hivyo darasani mwangu walikuwamo watoto wa Rombo na wa Hai, wa Same, wa Singida, wa Tanga, na kijana mmoja mrefu na mkimya aliyetoka mkoa wa Mara. Jina lake nitalihifadhi.

Niliwapa kidato cha pili kazi ya kutunga shairi la beti tano, kila mshororo mizani kumi na sita, na vina vya kati na vya mwisho. Kijana wa Mara alileta shairi juu ya mama yake. Alieleza jinsi mama alivyouza mbuzi wawili apate nauli ya mwanawe, na jinsi alivyomsindikiza kwa miguu kabla ya mapambazuko hadi kituo cha basi, amebeba sanduku kichwani. Mishororo ya ubeti wa kwanza iliishia kwa maneno haya: safari, mbali, habari, hali. Na katika ubeti wa mwisho alisema kwamba mama yake ndiye fahali yake.

Alikusudia fahari. Msomaji anajua kwamba fahari ni jambo la kujivunia, na fahali ni dume la ng'ombe. Shairi lile nililisoma mbele ya darasa. Nililisoma polepole, na nilipolifikia neno fahali nikasimama, nikainua macho. Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka. Kisha niliandika ubaoni li na ri, nikaeleza kwamba hivyo si vina, nikampa alama 6 kati ya 20. Muda wote huo kijana alikuwa amesimama, mikono nyuma, kama ilivyokuwa desturi. Nilipomaliza alisema, "Asante, mwalimu," akaketi.

Siku hiyo hiyo nilimpa mwanafunzi mwingine alama 18. Shairi lake lilisifu ziara ya kiongozi katika mkoa wetu. Vina vilinyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Mtoto yule hakuwapo kwenye ziara, hakumwona kiongozi, na kila sifa aliyoiandika ilikuwa imekwisha kusemwa na watu wengine maelfu. Nililijua hilo nilipokuwa nikiandika 18. Lakini vina vilikuwa kamili, nami nilikuwa nasahihisha vina.

Tangu nistaafu nimekuwa na wakati wa kulitazama jambo hili upya, na nimeanza pale ambapo mwalimu anapaswa kuanza, yaani kwenye sauti zenyewe.

Kina, katika mashairi yetu ya mapokeo, ni ulinganifu wa silabi. Katika utenzi, mishororo mitatu ya mwanzo ya kila ubeti hulingana kwa silabi ya mwisho, na mshororo wa nne hubeba kina kimoja kinachofuatwa toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Katika shairi la mishororo minne, kina hukaa katikati na mwishoni. Silabi za Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu zetu ni tano tu. Kwa hiyo kama tungesema irabu peke yake inatosha, kutunga kungekuwa rahisi mno. Karibu kila neno lingelingana na jingine. Kazi ya kina inafanywa na konsonanti iliyo mbele ya irabu. Ndiyo maana li na ri, za na dha, ba na mba, huhesabiwa kuwa vina mbalimbali.

Sasa tuzitazame konsonanti. Hazikutawanyika ovyo kinywani. Zina koo na ukoo kama watu. P, b na m hufanyika kwa kufunga midomo. T, d na n hufanyika kwa ulimi kugusa nyuma ya meno na ufizi. K na g hufanyika nyuma, karibu na koo. M na n hukaa mahali tofauti kinywani, lakini zote mbili hupitisha hewa puani, kwa hiyo ni ndugu kwa upande wa pili. Z na dh ni majirani wa mlango kwa mlango: zote mbili hukwaruza hewa, ila kwa z ulimi hubaki ndani, na kwa dh ncha yake hutoka kati ya meno. Na l na r? Hizo ni pacha. Ulimi huenda pale pale kwenye ufizi. Kwa l ncha hutulia na hewa hupita pembeni. Kwa r ncha hupigapiga. Tofauti ni ya kufumba na kufumbua.

Tena si mimi ninayesema kuwa ni pacha. Kiswahili chenyewe kinasema. Chukua neno ulimi: wingi wake ni ndimi. L imekutana na n, ikageuka d. Sasa chukua sifa ya -refu: tunasema mtu mrefu, lakini nyumba ndefu. R imekutana na n, nayo ikageuka d ile ile. Mbele ya n, sarufi yetu haiulizi kama wewe ni l au r. Inawavisha wote sare moja. Vivyo hivyo w na b: watu wawili, lakini nyumba mbili, uwingu, lakini mbingu. Penda hutoa mpenzi, fuata hutoa mfuasi, pika hutoa mpishi, lewa hutoa mlevi. Lugha inajua jamaa zake. Inawabadilishana kazi kama ndugu wa shamba moja la kihamba, huyu leo anapalilia, yule kesho.

Kama ni hivyo, makosa ya sauti hayalingani uzito. Mwanafunzi anayeweka li mahali pa ri amekosea kwa upana wa ukucha. Anayeweka ki mahali pa ri amekosea kwa upana wa kinywa kizima. Wa kwanza ana sikio linalotafuta. Wa pili hakusikiliza kabisa. Mimi niliwapa wote wawili mkasi mmoja. Hapo ndipo ninapoliona kosa la hukumu yangu: nilijua kilicho sahihi, sikujua umbali.

Vina vya namna hii, vinavyokaribia bila kufika, nimejizoeza kuviita vina vya mshazari, kwa sababu haviendi wima bali vimelala upande kidogo. Waingereza wanavyo, na wao wameviheshimu kwa muda mrefu. Kiingereza kimejengwa kinyume cha lugha yetu: maneno yake mengi huishia kwa konsonanti, pengine mbili au tatu kwa pamoja. Basi kwao sikio huzingatia kile kinachofunga neno. "Home" na "stone" havilingani sawasawa, lakini m na n ni ndugu wa pua, na sikio linakubali. "Map" na "back" vinakaribiana kwa sababu p na k zote huziba hewa ghafula. Lakini weka "home" na "hope", na udugu unapungua, maana moja inapitisha hewa puani na nyingine imeifunga kabisa. Konsonanti zikiwa kundi, hali ni ile ile: "last" na "mask" vinasogeleana kwa sababu s ni moja na t na k ni za jamii moja. Mtunzi mzuri wa Kiingereza, hata asiyejua majina ya mambo haya, huyajua kwa sikio.

Nilipokuwa nikifundisha fasihi ya Kiingereza nilikutana na mifano miwili ambayo ilipaswa kunifungua macho. Wa kwanza ni Emily Dickinson, mwanamke wa Amherst nchini Marekani, aliyeishi toka 1830 hadi 1886. Aliacha mashairi mengi sana ambayo hakuyachapisha, na vina vyake vingi vilikuwa vya mshazari. Alipofariki, waliochapisha kitabu chake cha kwanza mwaka 1890 walivinyosha baadhi ya vina hivyo na kubadili alama zake za uandishi, kwa nia njema, ili wasomaji wasione kwamba hajui kutunga. Ikapita miaka 65 kabla ya Thomas Johnson kutoa, mwaka 1955, mashairi yake yote kama alivyoyaandika kwa mkono. Leo watu wanaona kuwa kule kulala upande kulikuwa na maana yake. Wasahihishaji walikuwa wamemsahihisha mtu ambaye hakukosea.

Wa pili ni Wilfred Owen, kijana askari wa Uingereza aliyeuawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja tu kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia kwisha. Yeye aliziacha konsonanti zote mahali pake na kubadilisha irabu ya kati, ili maneno mawili yafanane mifupa lakini yatofautiane roho. Msomaji anangojea ulinganifu, haupati, anabaki na kiu. Kwa mtu aliyekuwa akieleza vijana waliokufa kabla ya wakati wao, kina kamili kingekuwa uongo. Vita hiyo si ya mbali nasi. Mwezi Machi 1916 ilipita hapa hapa chini ya mlima, majeshi yakiteka mji wa Moshi na kupigana Kahe, na wapagazi wa nchi hii wakabeba mizigo ya vita ambayo hawakuianzisha. Nilikuwa nikiyafundisha haya ya Owen darasani saa nne, na saa tano nikaingia kipindi cha Kiswahili na kumtia mkasi kijana wa Mara.

Msomaji atasema: Dickinson na Owen walichagua, kijana wako hakuchagua, alikosea tu. Hoja hii ni nzito, nami sitaikwepa. Ni kweli kwamba kijana hakujua kuwa li na ri ni mbili. Lugha ya nyumbani kwao haizitenganishi sauti hizo. Aliposema "mbali" na "safari" sikio lake lilisikia kina kamili, kilichonyooka kuliko cha mtoto wa alama 18. Hakuwa mzembe. Alitii kanuni niliyompa kwa uaminifu wote, kwa sikio alilopewa na mama yake. Tuseme basi kwamba kuna watu watatu ambao karatasi inawaonyesha sawa: aliyechagua mshazari, aliyeufikia bila kujua, na mvivu asiyejali. Kalamu nyekundu haiwezi kuwatofautisha. Mtu anaweza, akiuliza.

Na tuulize tena: kina kinalingana kwa sikio la nani? Mombasa, kwa wasemao Kimvita, macho ni mato, na njia ni ndia. Kwa hiyo mtunzi wa Mombasa wa zamani za Muyaka angeweza kulinganisha mato na moto bila kosa lolote. Mchukue mtunzi huyo, umwandike kwa Kiswahili cha Unguja, na kina chake kinavunjika mikononi mwako, macho na moto. Ni mtunzi yule yule, na jicho ni lile lile. Kilichobadilika ni kipimo. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kukisimamia. Uamuzi huo una faida zake, nami nimekula mkate wake maisha yangu yote. Lakini ulikuwa uamuzi, haukushuka kutoka mbinguni. Hata wataalamu wetu wamebishana. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, ambacho kwetu walimu kilikuwa kama katiba. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa "Kichomi", mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, na ugomvi ukawaka vyuoni na magazetini. Sisi wa shuleni tulijipanga upande wa sheria, kwa sababu sheria inasahihishika.

Ajabu ni kwamba mimi naishi mahali ambapo sauti zinalala upande kila baada ya korongo. Majina yenyewe yanashuhudia. Sisi sote tunaandika Moshi, lakini lugha ya watu wa Old Moshi ni Kimochi. Tunaandika Machame, na lugha yao ni Kimashami. Tunaandika Kibosho, na wenyewe wanasema Kiwoso. Ch inakuwa sh, sh inakuwa ch au s, b inakuwa w, ndugu wale wale wa kinywani wanapokezana kadiri unavyovuka mito inayoshuka kutoka mlimani. Hakuna mzee wa Kibosho aliyewahi kumpa mzee wa Machame alama 6 kwa ajili hiyo. Wakikutana sokoni kila mmoja hunyosha sikio kidogo kumwelekea mwenzake, biashara inaendelea. Mji mzima wa Moshi, kwa jina lake, ni kina cha mshazari cha Mochi.

Hata hivyo sitaki msomaji mchanga aondoke hapa akidhani mzee amesema andikeni mpendavyo. La hasha. Tofauti ya l na r ni ndogo kinywani lakini ni kubwa duniani. Mtu akiandika barua kwamba ametayarisha mahali, akakusudia mahari, familia mbili zinaweza kukorofishana. Kalamu si karamu. Kula si kura. Mwalimu anayemwacha mtoto na fahali mahali pa fahari amemnyima kitu, na siku moja mwajiri asiye na subira atamcheka kuliko darasa lilivyomcheka. Kuwa mpole hakuna maana ya kuwa kimya. Nilipaswa kumfundisha kijana yule tofauti, na nilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Sikuwa na haki ya kumfanya mama yake kichekesho.

Kwa nini nilikuwa mkali kiasi kile? Hapa inanibidi nirudi nyuma.

Nilizaliwa upande wa Vunjo, na Kiswahili nilikikuta shuleni na kanisani. Nyumbani hatukuwa na dh. Mwaka 1963, nikiwa na miaka kama kumi na miwili, niliteuliwa kusoma somo kanisani siku ya Jumapili, mbele ya wazazi wangu. Somo lilikuwa na neno dhambi mara nyingi, na kila mara nilitamka zambi. Mgeni mmoja aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, mtu aliyekulia pwani, alitabasamu kila neno lilipopita, na baada ya ibada akaliiga mbele ya watu pale nje chini ya miti. Baba alinishika mkono, tukaondoka. Wiki nzima nilikwenda peke yangu kwenye mfereji wa maji nyuma ya migomba, nikatoa ncha ya ulimi kati ya meno na kusema dha, dhe, dhi, mpaka midomo ikakauka. Niliipata. Na nilipoipata nilijiapia kwamba hakuna atakayenicheka tena.

Sikujua kwamba kiapo kile kina upande wa pili. Aliyevuka mto kwa taabu anaweza kuwa mtu wa kuwanyoshea wengine mkono, au anaweza kukaa ukingoni akiwacheka wanaolowa. Mimi, bila kutambua, nilikaa ukingoni. Kila mwanafunzi aliyeteleza ulimi alinikumbusha mtoto wa mferejini, nami sikutaka kumkumbuka. Ukali wangu ulivaa joho la kulinda lugha, lakini ndani yake ilikuwamo aibu ya zamani iliyotafuta mtu wa kumvika.

Mwaka jana, nikiwa na miaka 73, nilipanga sanduku langu la bati lililokuwa darini. Ndani yake nilikuta daftari la siku zangu za chuo cha ualimu, mwaka 1970. Katikati kuna utenzi nilioutunga juu ya kazi ya ualimu. Niliusoma nikitabasamu, kama mtu anavyotazama picha yake ya ujana, mpaka nikafika ubeti wa tatu. Mishororo yake mitatu inaishia hivi: kazi, radhi, uzazi.

Nilikaa nalo mkononi kwa muda. Mimi, mtu wa dh, mtu aliyeshinda wiki mferejini, bado mwaka 1970 sikio langu lilikuwa likizisikia zi na dhi kama kitu kimoja. Ulimi ulikuwa umejifunza. Sikio halikuwa limejifunza. Na mkufunzi wangu aliliona. Chini ya neno radhi amepiga mstari mwembamba wa penseli, na pembeni ameandika maneno mawili: "Sikiliza tena." Hakuna mkasi. Mwishoni amenipa alama nzuri, na ameuliza swali moja juu ya maana ya ubeti wa tano, swali la mtu aliyesoma.

Sikumbuki kabisa siku niliyorudishiwa daftari lile. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Kicheko cha nje ya kanisa nimekibeba miaka 60 bila kupoteza hata chembe, na hisani ya penseli niliisahau kabla ya wino kukauka. Pengine ndivyo tulivyo. Jeraha linatunza kumbukumbu lenyewe. Hisani inahitaji mtu aitunze kwa makusudi. Na mwalimu asiyeitunza atafundisha kwa jeraha lake, akidhani anafundisha kwa ujuzi.

"Sikiliza tena" si msamaha wa kosa. Mkufunzi hakusema kazi na radhi zinalingana. Wala si hukumu, kwa sababu hakusema hazilingani. Aliniambia nirudi kwenye sauti, nisikie mwenyewe, na alinipa imani kwamba nikirudi nitasikia. Kwa maneno hayo mawili kanuni ilibaki imesimama, na mimi nilibaki nimesimama. Nimejaribu kutafuta kanuni ya kumhukumu mtu aliyekaribia bila kufika, na sijapata iliyo bora kuliko hii. Kwanza jua umbali wa kosa. Pili uliza kama alichagua, hakujua, au hakujali. Tatu mpe nafasi ya kusikia upya, naye akiwa bado ana heshima yake. Na kabla ya yote hayo, wewe mwenyewe sikiliza tena, maana pengine kinachokwaruza ni sikio lako.

Kama ningalisikiliza mara ya pili mwaka 1981, ningalisikia mengi. Ningalisikia kwamba ile safari na ile mbali zililala upande mmoja kidogo, kama mtu anayetembea amebebewa sanduku na mama yake gizani na hataki kuligeukia. Ningalisikia kwamba katika darasa zima huyo ndiye peke yake aliyekuwa na jambo la kusema. Na hata lile neno fahali, nikilifikiria sasa, silicheki. Huko kwao ng'ombe ni mali na heshima ya boma. Mama aliyebeba sanduku la mwanawe kichwani kabla ya mapambazuko, baada ya kuuza mbuzi wake wote wawili, si haba akiitwa fahali.

Kijana yule alimaliza kidato cha nne. Baada ya siku ile hakuleta tena shairi. Kila nilipotoa nafasi ya kuchagua kati ya insha na shairi alichagua insha, na insha zake zilikuwa safi, fupi, hazina kosa wala mtu ndani yake. Nilizipa alama nzuri. Alipoondoka alinipa mkono, akasema tena, "Asante, mwalimu." Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja pale, na sikulisema. Sijui yuko wapi. Leo naye atakuwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Vijana wanaoingia kazi ya ualimu wakisoma ukurasa huu, nawaomba wawe na penseli pamoja na ile kalamu nyekundu. Na kama kurasa hizi zitamfikia yeye mwenyewe, basi aniruhusu nimwambie neno ambalo mimi pia nililikosea zamani, nikalilinganisha na kazi: namwomba radhi. Shairi lake nililisoma vibaya.